Msalaba Uliolala Wexholme

Kijito chenyewe maji yake hayakufika magotini, na kondoo walikuwa wakikivuka bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini Askofu Mkuu wa York alipofika ukingoni alimsimamisha nyumbu wake, na watu thelathini waliokuwa nyuma yake wakasimama pia, kimya, kama waliofika mlangoni pa mgonjwa. Huku walikokuwa ilikuwa nchi yake. Ng'ambo ilianza nchi ya mwenzake, Askofu Mkuu wa Canterbury. Matope yale yale, miiba ile ile; ila ukivuka hapo na msalaba wako umesimama, ni sawa na kuingia nyumba ya mtu na kwenda moja kwa moja kukalia kiti chake.

"Gamel," akaita Askofu Mkuu Odinel.

"Naam, Baba."

"Nikifika London na huo msalaba umelala, bora nisingefika."

"Utafika nao umesimama, Baba."

"Hata malaika akishuka akakuomba uulaze?"

"Malaika akishuka nitamwambia akuone wewe, Baba. Mimi ni mti uliopewa mti mwingine kuushika."

Mzee akacheka. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na siku hizo hakuwa na vicheko vingi vya kugawa.

Gamel alikuwa mwana wa Thirkill mtengeneza ngozi, mtu wa kifua kama mlango wa ghala, na kazi yake ilikuwa moja tu duniani: kutangulia mbele ya Askofu Mkuu akiwa ameushika msalaba wa fedha juu ya mpini mrefu. Hakuhubiri, hakubariki, hakuandika. Alitembea. Pale msalaba ulipopita umesimama, watu walijua kwamba nyuma yake anakuja mwenye amri. Alipewa kazi hiyo baada ya mzee Sewal aliyemtangulia kukutana na wanaume wenye marungu kusini huko. Msalaba ulirudi York vipande vitatu, na Sewal alirudi na vidole vinane. Sasa anauza mishumaa mlangoni pa kanisa kuu, na ukimwomba kumi anakupa minane kisha anaangalia mikono yake kwa mshangao.

Walio wengi hudhani maaskofu wakuu hugombania roho za watu. Roho zina tabu gani? Hugombania viti. Hawa wawili, wa York na wa Canterbury, walikuwa wamegombana kwa miaka zaidi ya mia mbili nani akae mkono wa kuume, nani aape mbele ya nani, nani amtangulie nani mlangoni. Wazee husimulia kwamba katika baraza moja wa York alimkuta wa Canterbury amekwisha kukikalia kiti cha heshima. Akaona isiwe taabu, akamkalia mapajani. Watu walicheka mwaka mzima. Lakini siku yenyewe alitolewa pale kwa fimbo, na joho lake lilirudi matambara. Ndivyo ugomvi wa wakubwa ulivyo: kicheko huwa cha watazamaji, na matambara huwa ya mtu.

Sasa mfalme ameita bunge London. Kutokwenda ni kosa. Kwenda msalaba umelala ni kukubali kwamba York ni mtoto wa Canterbury. Kwenda umesimama, basi, ndiyo safari hii.

"Vuka," akasema Askofu Mkuu.

Gamel akaingia majini. Mbele yao, nyuma ya mialoni, kengele ya kijiji ilikuwa ikilia saa ya sala. Mguu wake wa kulia ulipokanyaga ukingo wa kusini, kengele ikakatika. Haikumalizia mlio wake. Ilikatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Labda kamba imekatika," akasema mpishi. Jina lake lilikuwa Pentekoste, kwa kuwa alizaliwa siku hiyo na mama yake hakutaka kujisumbua.

"Labda," akasema Gamel.

Juu ya kilima kulikuwa na mtu aliyepanda nyumbu wa kijivu. Aliwatazama kwa muda, akageuza, akaondoka kuelekea kusini bila haraka.

*

Kijiji cha kwanza kilikuwa hakina watu. Moshi ulitoka kwenye paa, nguo zilikuwa uani, bukini walizunguka wakilalamika, lakini hapakuwa na uso hata mmoja. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na juu yake karatasi ya Canterbury imepigiliwa misumari. Padri Drogo, kasisi wa Askofu Mkuu, kijana mwenye shingo ndefu na hofu ndefu zaidi, akaisoma kwa sauti:

"Popote msalaba wa York utakapopita umesimama, kengele zinyamaze, kanisa lifungwe, ndoa zisifungwe, wafu wasizikwe, mpaka siku ya kumi tangu upite. Tangazo hili litafutwa palepale msalaba utakapolazwa."

Ilikuwa Agosti. Siku kumi za Agosti ni nyingi mno kwa maiti.

Pentekoste alikwenda kutafuta mkate akarudi mikono mitupu. "Nimegonga milango kumi na mmoja," akasema. "Mmoja ulinijibu."

"Ukasemaje?"

"Ulibweka."

Cha pili kilikuwa hivyo hivyo, na cha tatu. Kila walipokaribia, kengele ya mbele yao ilikatika. Kila walipopanda kilima walimwona yule mtu wa nyumbu wa kijivu kwenye kilima kinachofuata, akitembea polepole kama anayewaonyesha njia. Mara moja tu Gamel alimwona mwenyeji: jicho, kwenye tundu la dirisha, jicho la mtu mzima, halipepesi. Jicho lile halikuwa na hasira. Lilimtazama kama linavyotazama gari la wagonjwa wa tauni, likihesabu tu litapita baada ya muda gani.

"Mimi ningependa marungu," akasema Gamel siku ya pili, wakila maharage makavu chini ya ua wa miiba.

"Sema hivyo tena uyapate," akasema Pentekoste.

"Rungu unajua linatoka wapi. Hiki ni kitu gani? Tunapita, na nyuma yetu watu wanakufa bila sala. Kama sisi ndio ugonjwa wenyewe."

"Wewe unashika mti, Gamel. Ulisema mwenyewe. Mti haufikiri."

"Ndiyo."

"Basi kula maharage yako, wewe mti."

Siku ya tatu, Alhamisi, jua likiwa utosini, wakaingia Wexholme.

*

Hapa watu walikuwapo. Mji mzima ulikuwa umesimama pande zote mbili za barabara, wanaume kofia mkononi, wanawake wameshika watoto mabegani, na hakuna aliyekohoa. Hawakutukana wala kutema mate. Gamel alitembea katikati yao akisikia viatu vyake mwenyewe, na nyuma yake kwato za nyumbu wa Askofu Mkuu, na juu yake msalaba ukilia kidogo katika kishikio chake, kwi, kwi, kwi, jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani kwa kuwa siku zote kulikuwa na kelele.

Kisha akasikia harufu.

Lango la uwanja wa kanisa lilikuwa kando kabisa ya barabara. Mbele yake, juu ya machela ya mbao, alilazwa maiti amefungwa sanda, na nzi. Ndani ya lango, hatua kumi tu, kaburi lilikuwa wazi, udongo wake umerundikwa vizuri pembeni. Padri wa mji alisimama na kitabu chake kimefungwa, akitazama vidole vya miguu yake. Na juu ya ngazi za kanisa alisimama Fulk, dekano, yaani msimamizi wa mapadri wa wilaya ile, mtu safi, mwembamba, aliyenyolewa vizuri, na kando yake yule mtu wa nyumbu wa kijivu, sasa ameketi juu ya kigoda na ubao magotini, wino tayari, kalamu tayari. Alikuwa mwandishi wa hati za sheria. Nyuma yake wanaume wanne walijipanga kama vikombe kwenye kabati: mashahidi.

"Amani kwako, Baba Askofu Mkuu," akasema Fulk kwa utamu. "Karibu Wexholme. Tungekupigia kengele, lakini unaona tulivyo."

Askofu Mkuu akasema tu: "Endelea, Gamel."

Gamel akainua mguu. Hakuushusha mbele, kwa sababu mwanamke alikuwa amepiga magoti barabarani, palepale alipotaka kukanyaga. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, mikono yake myekundu kwa kufua, macho makavu ya mtu aliyemaliza kulia juzi.

"Baba yangu," akasema, "mimi naitwa Ismay. Yule pale ni mama yangu. Nakuomba uulaze."

"Simama, dada. Mimi si padri. Naubeba tu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe. Wale wengine ni wakubwa, hawanioni."

"Mama alifariki lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Mbona hamkumzika Jumanne? Jumanne sisi tulikuwa mbali."

Ismay alitazama nyuma kidogo, upande wa ngazi. "Jumanne Dekano alisema kaburi halijachimbwa. Jana akasema padri anaumwa tumbo. Leo akasema mtazika adhuhuri, msalaba wa York ukipita umelala. Ukipita umesimama, siku kumi." Akashusha sauti. "Baba, siku kumi nitabaki na nini cha kuzika?"

Gamel akainua macho. Fulk alikuwa akitabasamu bila kuonyesha meno. Basi ilikuwa hivyo. Mwindaji huyu hakuhitaji rungu. Aliweka chambo barabarani akangoja harufu ifanye kazi.

Gamel aligeuka nusu, bila kuusogeza msalaba. "Baba, umemsikia?"

"Nimeelewa tangu nilipoliona kaburi," akasema Askofu Mkuu, sauti yake ya chini. "Endelea."

"Baba, yule mama ananuka."

"Na mimi nina pua, Gamel." Mzee aliinama juu ya shingo ya nyumbu ili asisikike mbali. "Sikiliza. Yule pale na kalamu hangoji kumzika mtu. Anangoja kuandika: siku fulani, mahali fulani, York iliinama. Na sheria iko wazi: mkono wa mbeba msalaba ni mkono wa bwana wake. Ukiulaza wewe, nimeulaza mimi, na wameulaza wote walionitangulia na wote watakaokuja. Nikitoa ruhusa leo, karatasi ile itasomwa hata mimi na wewe tukiwa vumbi. Kwa hiyo usiniombe niseme ndiyo. Siwezi kusema ndiyo. Unanielewa? Mimi siwezi."

Gamel alimtazama. Uso wa mzee ulikuwa mweupe kama nta, na macho yake hayakuwa yakitazama msalaba. Yalikuwa yakitazama machela.

"Nimekuelewa, Baba," akasema Gamel.

Akamgeukia mtu wa kigoda. "Wewe mwandishi! Unaandika upesi?"

"Inategemea nani anasema," akajibu yule, na mashahidi wawili wakacheka.

"Basi anza. Jina, Gamel. Mwana wa Thirkill mtengeneza ngozi, wa York. Andika kwamba bwana wake alimwamuru aende mbele na msalaba umesimama. Umeandika? Andika kwamba hakutii. Andika kwamba si kwa amri ya bwana wake, wala kwa ushauri, wala kwa kukonyezwa jicho. Kwa ukaidi wake mwenyewe."

Kalamu ikasimama hewani. Mwandishi akamtazama Dekano.

"Usiandike upuuzi," akasema Fulk. "Mbeba msalaba hana mkono wake."

"Leo ninao," akasema Gamel, na akaulaza.

Aliulaza polepole, kwa mikono miwili, kwenye nyasi kando ya barabara, jinsi watu wanavyolaza mtoto aliyesinzia. Kisha akaketi juu ya mpini wake, matako mazito ya mtoto wa mtengeneza ngozi, akakunja mikono.

Sauti ilitoka kwa mji wote kwa pamoja, si kelele, ni pumzi tu.

"Dekano!" akaita Gamel. "Msalaba umelala. Mji mzima ulisikia ulichomwahidi huyu dada. Au hukuahidi?"

Watu wakageuza shingo kuelekea ngazi. Fulk hakuwa mjinga. Alijua kuhesabu watu. Akaashiria kwa vidole viwili, na yule padri aliyekuwa akitazama miguu yake akafungua kitabu kwa haraka iliyowashangaza hata nzi.

*

Lakini yalibaki mambo mawili, na yote mawili yalikuwa ya kushindana na saa.

La kwanza lilikuwa Askofu Mkuu. Mtumishi anayemwasi askofu wake mbele za watu hutengwa na Kanisa, na asipotengwa hapo hapo, mwandishi ataandika kwamba bwana aliridhika. Yule mzee alijua, Gamel alijua, kalamu ilijua. Lakini sheria inataka maonyo matatu kwanza. Kabla ya onyo la tatu kuisha, mwasi akitii, amesamehewa. Baada ya hapo, hana kanisa, hana sala, hana mtu wa kula naye, na akifa huzikwa kando ya njia, wanapozikwa mbwa.

La pili lilikuwa kaburi. Mpaka koleo la mwisho la udongo, mazishi si mazishi. Msalaba ukisimama kabla ya hapo, marufuku inarudi, na mama anatolewa shimoni.

"Onyo la kwanza," akasema Askofu Mkuu Odinel, na akaanza.

Pentekoste alisimulia baadaye kwamba amesikia mahubiri ya Kwaresima, na amesikia mama mkwe wake, lakini hajapata kusikia onyo refu namna ile. Askofu Mkuu alianza na Adamu. Alitaja uasi wa malaika, uasi wa Kora, uasi wa Absalomu na nywele zake. Kila jina alilitaja mara mbili. Alisahau mstari, akarudi nyuma akaanza upya. Aliomba maji, akayanywa kwa tone. Mwandishi alipoinua kalamu akidhani kamaliza, mzee alikumbuka Yona.

Kule ndani maiti ilishushwa. Gamel hakuiona, alisikia kamba.

"Onyo la pili!"

Sasa udongo ulianza kuanguka. Gamel akahesabu makoleo. Walikuwa wanaume wawili, makoleo mawili, tii, tii, mwendo mzuri. Kisha likabaki moja. Akageuza kichwa: Fulk alikuwa ameteremka, ameshika koleo la pili, anauchunguza mpini wake kama anayetaka kulinunua.

"Hili limelegea," akasema Dekano. "Litamwumiza mtu. Na wewe, kijana, taratibu. Hapa ni kaburini, si machimboni."

Koleo likapunguza mwendo. Tii. Kimya. Tii.

Padri Drogo alikuja mbio akainama sikioni mwa Gamel, shingo yake ndefu ikitoka jasho. "Inuka, ewe mpumbavu! Amekwisha kufika kwa Yuda. Baada ya Yuda hana mwingine!"

"Kaburi limefika wapi?"

"Nusu. Kaka, inuka. Wameshamwombea, ameshashuka, Mungu anaona. Nusu inatosha."

"Kwa Mungu inatosha. Kwa yule je?"

Drogo alimtazama Fulk na koleo lake, akaweka mkono begani mwa Gamel.

Ismay aliona. Hakupiga kelele; aliruka lango, akapiga magoti kwenye rundo, akaanza kusukuma udongo kwa mikono yake. Mwanamke wa pili akamfuata, kisha mzee mmoja akiwa na bakuli la kulia uji, kisha wengine. Dekano aliinua mkono, akaona ni wengi, akaushusha.

"Onyo la tatu," akasema Askofu Mkuu, na safari hii sauti yake ilipasuka. Alilivuta kadiri lilivyovutika. Alitaja siku, mwezi, mwaka wa mfalme, mtakatifu wa siku ile. Alitaja jina la Gamel na la baba yake, na alipokuwa hana la kusema akalitaja tena. "Kwa mara ya mwisho nakuamuru, mwanangu, inuka, uinue." Kisha akanyamaza, na kunyamaza nako alikufanya kurefu, mpaka mwandishi akakohoa.

"Baba Askofu Mkuu," akasema mwandishi, "nimwandike vipi? Anatii, au hatii?"

Gamel alitazama kaburini. Mikono ilikuwa ikienda mbio, lakini shimo bado lilikuwa shimo. Futi moja, zaidi kidogo. Ulihitajika muda wa kusali Baba Yetu mara tano. Hakuna aliyebaki na mara tano za kumpa.

Angeweza kuinuka. Magoti yake yenyewe yalitaka. Aliyahisi yakijikusanya kama punda anayenusa zizi. Akayawekea mikono juu.

"Siwezi, Baba," akasema. "Nimekalia."

Mtu mmoja nyuma ya umati alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Mshumaa ukaletwa kutoka sanduku la ibada. Askofu Mkuu aliushika mwenyewe, na mwali wake haukuonekana kwa ukali wa jua. Ni hewa tu iliyotetemeka juu ya utambi. Alisema maneno. Hayakuwa marefu. Alimtoa Gamel katika nyumba ya Bwana, akiketi na akisimama, akila na akilala, njiani na nyumbani, hai na maiti, mpaka yeye mwenyewe, au atakayemrithi, amfungulie. Kisha akaupiga mshumaa chini, nao ukazima.

Gamel alikuwa ameyasikia maneno yale mara nyingi akiwa amesimama na msalaba, yakiwashukia watu wengine. Alikuwa akidhani mtu husikia kitu, labda baridi. Hakusikia kitu. Aliona tu kwamba Drogo, aliyekuwa ameweka mkono begani mwake, ameuondoa.

Kule ndani udongo ukapigwapigwa kwa viganja. Padri wa mji akasema amina, na watu wakaitikia.

Hapo Gamel akainuka kutoka kwenye mpini. Drogo akauchukua msalaba kwa ncha za vidole, akaufuta pale Gamel alipokuwa amekalia, akausimamisha.

"Andika," akasema Askofu Mkuu kumwambia mwandishi, na sasa sauti yake ilikuwa ngumu kama ya mtu wa miaka thelathini. "York iliingia Wexholme imesimama. Mtumishi mmoja aliasi, akatengwa. York inatoka Wexholme imesimama. Andika mbele yangu, kisha unisomee."

Mwandishi akamtazama Fulk. Fulk alikuwa anatazama koleo. Kalamu ikaandika.

Msafara ukaanza kupita. Nyumbu wa Askofu Mkuu alipofika mbele ya Gamel alipunguza mwendo, kwa kuwa kwa miaka sita alizoea kumfuata. Akapigwa kisigino, akaenda. Mzee alitazama mbele. Shavu lililokuwa upande wa Gamel lilikuwa limelowa, nalo hakulipangusa, maana kulipangusa kungeonekana.

Mkokoteni wa jikoni ulipita mwisho. Pentekoste alikuwa akizungumza na farasi wake, kwa sauti ya juu, kwa kuwa kuzungumza na farasi hakujakatazwa.

"Farasi wewe, umenisikitisha! Umeangusha mkate mzima wa shayiri na kipande cha nyama ya nguruwe, hapo nyuma, kwenye majani. Na blanketi. Mnyama gani asiyejali vitu vya watu? Ukienda York, usipite barabara kuu, wana mbwa. Na uende upesi, ewe farasi. Bwana wetu amezeeka, na atakayekuja baada yake hakujui."

Gurudumu likalia, mkokoteni ukapotea kwenye kona.

Ismay alitoka langoni. Mikono yake ilikuwa nyeusi hadi viwiko. Alimwendea Gamel moja kwa moja, mdomo umekwisha kufunguka, na alikuwa amebakiza hatua tatu.

"Binti," akasema Dekano Fulk kutoka ngazini, kwa upole uleule. "Anayemsemesha aliyetengwa, ametengwa naye. Na mama yako bado yumo katika uwanja wangu."

Ismay akasimama. Gamel aliona neno likipanda kooni mwake na kurudi chini, kama mtu anayemeza mfupa. Akamtikisia kichwa, kidogo tu: usilitoe. Kisha akaenda kwenye majani, akauokota mkate wa farasi, na nyama, na blanketi, akaelekea kaskazini.

Umati ulikuwa bado umejaa barabarani. Mwanamke wa mbele aliuvuta mtandio wake usimguse. Baba mmoja akamrudisha mwanawe nyuma ya miguu yake. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemwambia kitu. Walisogea tu, huku na huku, mpaka kwenye mitaro, na kule mbele yao wengine wakaanza kusogea hata kabla hajafika. Wakampa njia, pana kuliko ile waliyompa Askofu Mkuu.